Imeonekana, Hifadhi

Watu wasiopungua ishirini wameniambia nile papai. Ameniambia mpokea wageni, ameniambia mlinzi wa getini, ameniambia dereva ambaye hata jina langu halijui. Mkuu wa Utawala aliniambia kikaoni, mbele ya idara nzima, huku anacheka, na kikao kizima kikacheka naye, maana bosi akicheka si adabu kumwacha peke yake. Nimekula papai hadi nikiliona sokoni nageuza uso. Na choo hakikutoka.

Nalisema wazi kwa sababu nimechoka kuzunguka mbuyu. Nilikuwa nakaa siku saba, nane, safari moja kumi na moja, bila kupata choo. Tumbo linajaa kama gunia, kichwa kinauma, mdomoni ladha ya chuma. Baba watoto akawa ananiuliza kila asubuhi, kwa upole wake, "Vipi, leo?" Ikafika mahali swali hilo likawa ndiyo salamu ya nyumbani kwetu. Kuna siku ningempasua kwa sufuria, Mungu ndiye aliyeniepusha.

Mimi ni karani wa masjala. Kwa asiyejua, masjala ni chumba ambamo kila barua inayoingia ofisini hupigwa mhuri, hupewa namba na kutiwa kwenye jalada lake, ikakae humo hadi atakapoitaka mtu. Ya kwetu iko chini kabisa ya jengo, ngazi kumi na nane kutoka mapokezi. Nimekaa humo miaka tisa. Ukiniamsha usingizini ukaniuliza jalada la ununuzi wa viti liko wapi, nitakwambia rafu ya nne, la sita kutoka kushoto, halafu nitaendelea kulala. Kazi yangu naipenda, na sioni haya kusema hivyo.

Jumatatu moja Tarishi alishuka na barua. Tarishi ni mtu wa makamo, mpeleka barua wa ofisi nzima, mwenye mdomo usiojua mapumziko, na ndiye aliyenibandika jina la Mama Papai. Siku hiyo hakutania. Aliiweka barua mezani akapanda zake. Barua ilisema kwamba kwa kuwa nimechukua siku nyingi mno za ugonjwa mwaka huu, Kamati ya Afya ya Watumishi itakaa Alhamisi ya wiki ya tatu kufikiria kunistaafisha kwa maradhi.

Nina miaka arobaini na minne. Nilikaa na ile karatasi nikaisoma mara tatu, mimi ambaye kwa kawaida sisomi barua. Nikaipiga mhuri wa IMEPOKELEWA kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea. Halafu nikalia.

Kwa daktari wa ofisi nilikuwa nimekwenda mara kadhaa. Huyo hainui kichwa. Unaingia, anaandika, unaeleza, anaandika, unatoka, bado anaandika. Alinipa dawa ya kulainisha choo, ikalainisha mara mbili, kisha ikachoka kama sisi wengine. Akaongeza kipimo. Nilipomwambia hali imerudi, akaniambia ninywe maji na nipunguze mawazo. Ningeyapunguzia wapi?

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyenishika mkono. Alimjua daktari mmoja mwanamke ambaye haanzi na ugonjwa, anaanza na maisha ya mgonjwa. Nilikwenda kwa shingo upande. Nikakuta chumba kidogo, meza, na mama mmoja aliyefunga kalamu yake kabla hajasema neno. Akaniuliza nilizaliwa vipi, nilikua wapi, nakula nini, nalala vipi, nilianza lini kuumwa na mwaka huo kulitokea nini. Saa nzima. Kwa mara ya kwanza kwa miaka, mtu aliniuliza habari za tumbo langu bila kucheka na bila kutaja tunda.

"Ukiwa likizo, hali inakuwaje?" akauliza.

Nikafungua mdomo kujibu kwamba ni ile ile, nikaufunga. Kwa sababu haikuwa ile ile. Mwaka uliopita nilikaa kwa kaka yangu wiki mbili, na kuanzia siku ya tano nilikuwa naenda chooni kila asubuhi kama watu. Nilidhani ni maji ya huko. Mwaka wa kabla yake nilimuuguza mama mwezi mzima, na tumbo lilikuwa shwari, ingawa mawazo yalikuwa tele. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akataka nimweleze chumba ninachofanyia kazi, kuanzia sakafu hadi dari.

Nikamweleza. Kwenye ukuta wa nyuma linapita bomba la vyoo vya juu, na bomba hilo linavuja tangu sijaajiriwa. Ukuta umeota madoa meusi yanayopanda kila msimu wa mvua. Majalada ya rafu ya chini yana vumbi la kijani ambalo ukilifuta leo, Ijumaa limerudi. Wakija wageni wakubwa, ukuta hupakwa chokaa, na kabla chokaa haijakauka vizuri madoa yanachungulia tena. Dirisha ni moja, dogo, juu usawa wa barabara, nalo limezibwa kwa ubao. Sisi watu wa masjala tunaogopa upepo na mvua kuliko wezi, maana upepo unachanganya karatasi na mvua inazila. Nilipoona mwanya pembeni ya ubao, niliuziba mwenyewe kwa mkanda wa gundi, nikajipongeza.

Daktari alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kuvu nyingine hutoa sumu, na kwamba yeye na wenzake wa mtazamo wake wanaona mtu akiivuta miaka nenda miaka rudi, huenda ikavuruga vijidudu vyema vya tumboni, ikavuruga nyongo, na ikagusa mishipa ya fahamu inayousukuma utumbo. Utumbo ukikosa msukumo, unasinzia. Akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba madaktari wengi hawajaukubali uhusiano huo na ushahidi bado ni mchache, kwa hiyo hakuniapia. Akanipeleka kwanza nikapimwe damu, tezi ya shingo na utumbo wenyewe, tusije tukaisingizia kuvu kosa la mwingine.

Majibu yalikuja safi. Nikarudi kwake, nikamuuliza sasa kuhusu papai.

"Papai si baya," akasema. "Lakini mtu akikukanyaga mguu, hupaki dawa mguuni na yeye bado amesimama juu yake. Kwanza aondoke."

Nilikuwa nimeshanyanyuka nilipomsikia akiuliza swali la mwisho, kana kwamba halina uzito. Kabla yangu, nani alikaa chumba kile?

Nilisimama mlangoni kama niliyepigwa kofi. Kabla yangu alikuwepo Shangazi. Si shangazi yangu wa damu. Ofisi nzima ilimwita hivyo, na ndiye aliyenifundisha kazi kwa miaka miwili kabla hajastaafishwa. Kwa maradhi. Na jina la Mama Papai halikuanza kwangu. Tarishi alimpa yeye kwanza, mimi nikiwa nimeketi pale pale na mhuri mkononi, na nilicheka. Nilicheka hadi machozi. Mcheka kilema hafi hakijamfika, na mimi kilinifika kikiwa na jina lake lile lile.

Kesho yake nilishuka zile ngazi nikaenda moja kwa moja rafu ya chini, kwenye jalada la Matengenezo ya Jengo. Hapa lazima nieleze jambo. Somo la kwanza alilonipa Shangazi lilikuwa hili: karani wa masjala hasomi barua. Anatazama namba, tarehe na kichwa cha habari, anapiga mhuri, anahifadhi. Ukisoma, utajua mambo ya watu, ukijua, utasema, ukisema, kazi huna. Nililishika somo hilo kama sala. Kwa miaka tisa maelfu ya barua yamepita mikononi mwangu na sikujua hata moja inasema nini. Nilijivunia hilo.

Jalada lilikuwa limevimba kwa unyevu, na karatasi zimegandana. Nikazibandua moja moja. Chini ya maombi ya balbu na vitasa nikakuta barua tatu za mwandiko wa Shangazi, zimepishana mwaka mmoja mmoja, zote zinahusu kuta. Pembeni mwa kila moja Mkuu wa Utawala alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili: Imeonekana, hifadhi. Barua ya tatu ilikuwa na mhuri wa IMEPOKELEWA, na juu ya mhuri kulikuwa na saini yangu.

Barua hiyo niliipokea mimi. Niliipa namba mimi. Iliporudi kutoka kwa Mkuu nilitoboa matundu mawili pembeni, nikaitia kwenye jalada, nikalirudisha jalada rafuni, Shangazi akiwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu. Ilisema hivi:

"Naandika kwa mara ya tatu. Kuta za masjala zimeota kuvu na bomba linavuja. Nikiwa kazini tumbo langu hufunga wiki nzima, nikiwa likizo hufunguka. Mimi nimechoka na siombi tena kwa ajili yangu. Naomba binti niliyeletewa asiachwe humu. Bado ni kijana, na ni mchapakazi."

Binti huyo ni mimi. Nilikaa sakafuni kati ya rafu, na nikisema nilikasirika nitakuwa napunguza. Nilimkasirikia Mkuu na kalamu yake nyekundu. Nilimkasirikia daktari asiyeinua kichwa. Lakini yule niliyetamani kumtia makofi alikuwa binti mwenye mhuri, aliyehifadhi ombi la kuokolewa kwake mwenyewe kwa unadhifu kiasi kile, hata matundu yamekaa sawasawa.

Jumamosi nilikwenda kwa Shangazi. Nilikuwa sijafika kwake tangu aondoke. Kila mwaka nilisema nitakwenda. Nilimkuta uani anaanika nguo, mwepesi, uso umejaa, anatembea kama mtu wa miaka hamsini. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanitazama tumboni kabla ya usoni.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tisa, Shangazi."

Akaacha nguo, akanishika mkono tukaketi kwenye mkeka. Akaniambia tumbo lake lilifunguka lenyewe miezi mitatu baada ya kuondoka masjala, na tangu hapo halijamsumbua. Nikamwomba radhi kwa kumcheka. Alisema alisikia kicheko changu, na kilimuuma, lakini alishakisamehe zamani, kwa kuwa alijua kitanirudi. Ndipo nikamuuliza lile lililokuwa linanikereketa, kwa nini hakuniambia kwa mdomo, tumekaa chumba kimoja miaka miwili.

"Nilidhani utaisoma," akasema. "Nilikuwekea mezani kwa mkono wangu, nikakaa nakutazama. Ukapiga mhuri. Nikajua kazi yangu imekuingia, nikanyamaza. Ningekulaumu vipi, mwanangu? Mimi ndiye niliyekufundisha usisome."

Alinipa maji ya kunywa na ndizi mbili, akaniambia papai hana, na tukacheka wote wawili, kicheko cha uchungu.

Alhamisi ya kamati nilipiga moyo konde. Jalada halitoki masjala bila kusainiwa na karani, kwa hiyo nilijisainia mwenyewe, nikapanda nalo ngazi kumi na nane, nikapita mapokezi, nikapanda ngazi nyingine hadi ofisi ya Mkuu wa Utawala. Ni ofisi nzuri. Ina madirisha matatu yaliyofungwa na kiyoyozi kinachonong'ona. Walikuwa watatu mezani: Mkuu mwenyewe, daktari wa ofisi, na katibu wa kuandika yatakayosemwa.

Mkuu alianza kwa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisifu utumishi wangu, akasema ofisi inanihurumia, akasema afya ni bora kuliko kazi, akasema nikapumzike nyumbani nijiuguze. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayefunga mlango polepole ili usipige kelele.

Nikaliweka jalada mbele yake nikalifungua. Vumbi la kijani lilinyanyuka kwenye mwanga wa dirisha, kila mtu aliliona. Harufu ikajaa chumba, ile harufu ya soksi iliyosahauliwa kwenye maji. Mkuu akarudisha kiti nyuma, akaziba pua, akakohoa mara mbili, akamwambia katibu afungue madirisha yote.

"Mkuu ameivuta dakika moja," nikasema. "Mimi naivuta mwaka wa tisa."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sikulisema hilo, ila nililifikiri kwa nguvu sana. Kisha nikawasomea barua za Shangazi, zote tatu, pamoja na maneno mawili ya kalamu nyekundu mwishoni mwa kila moja. Nikawasomea na maelezo yangu niliyoyaandika usiku wa kuamkia siku hiyo: siku nilizoumwa, siku nilizokuwa likizo, majibu ya vipimo, na yale aliyosema daktari wangu, hata lile la kwamba ushahidi ni mchache. Sikutia chumvi. Nilipofika kwenye sentensi ya binti asiachwe humu, niliisoma mara mbili, nikamaliza.

Daktari wa ofisi aliinua kichwa. Naapa, nilikuwa sijui ana macho ya rangi gani. Alisema barua hizo hakuwahi kuonyeshwa. Akasema hawezi kuthibitisha kwamba kuvu ndiyo iliyofunga tumbo langu, wala hawezi kukataa, lakini chumba chenye ukuta wa namna hiyo hakifai kukaa mtu, choo kitoke kisitoke. Akataka kifungwe siku hiyo hiyo, na suala la kunistaafisha lisimame hadi nifanye kazi penye hewa na tuone. Nilitamani kumuuliza siku zote alikuwa wapi. Nikamwacha, maana angalau ameamka.

Mkuu hakubisha. Alivuta yale maelezo yangu, akachukua kalamu, na kwa mkono uliokwenda wenyewe, wala sidhani alifikiri, akaandika pembeni: Imeonekana, hifadhi. Akayasukuma kwangu.

Niliitazama ile karatasi.

"Nikahifadhi wapi, Mkuu?"

"Masjala," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Katibu aliacha kuandika. Daktari akamtazama. Mkuu akajisikia mwenyewe alichosema, uso ukambadilika.

"Masjala mmeifunga sasa hivi," nikasema. "Basi ikae hapa kwako, pamoja na jalada lake. Mimi hii sihifadhi."

Nikatoka. Jalada nikaliacha wazi mezani kwake, linapumua.

Kesho yake nilipandisha meza yangu, kiti na mhuri, nikaketi kwenye korido nje ya ofisi yake, chini ya dirisha kubwa. Hakuna aliyeniruhusu na hakuna aliyenikataza. Upepo unachanganya karatasi zangu, nazikandamiza kwa mawe manne niliyookota uani. Kila barua inayokuja naisoma, mwanzo hadi mwisho, ndipo napiga mhuri. Kazi imekuwa ya polepole, wanalalamika. Walalamike. Siku ya sita, saa nne asubuhi, niliondoka mezani bila kuaga mtu, nikachukua muda, nikarudi. Tarishi akaniuliza nilikuwa wapi, barua zinangoja. Nikamwambia nilikuwa chooni, na nikamwambia kwa sauti. Akaniita Dada, na tangu hapo ameliacha lile jina. Daktari wangu amesema nisishangilie mapema, tuendelee kutazama. Tunatazama.

Wiki ya tatu tangu nihamie koridoni, uamuzi uliletwa kwenye meza yangu ili nihifadhi. Masjala ya chini imefungwa, bomba litatengenezwa, karani ataendelea na kazi juu. Niliusoma mara mbili nikimtafuta Shangazi. Hakuwemo. Miaka zaidi ya ishirini ndani ya kuta zile, barua tatu, na hawakumpa hata nusu sentensi.

Nikaingia kwa Mkuu bila kubisha hodi. Jalada lilikuwa pale pale, madirisha yamefunguliwa yote. Nikaichomoa barua ya tatu, naye akanitazama nikiichomoa. Mezani kwangu, chini ya maneno yake mekundu, niliandika kwa mkono wangu: Imesomwa. Nikatia saini pembeni ya saini yangu ya zamani, nikapiga mhuri, na jioni nikampelekea Shangazi mwenyewe.

Shangazi alivaa miwani. Hakusoma barua, aliijua. Alipitisha kidole kwenye maneno mekundu, kisha kwenye neno langu, kisha kwenye mhuri, kama anavyokagua karani yeyote.

"Tarehe uliyoweka ni ya leo," akasema.

"Ndiyo, Shangazi. Leo ndiyo imefika."